Kabati la chuma halizuii moto: uzi kwa wenye masijala, stoo za nyaraka na masanduku ya hati hapa Tanga

MtunzaJalada

Wakuu, salaam.

Nilifanya kazi masijala mpaka nikastaafu, na siku hizi nasaidia ofisi ndogo ndogo hapa mjini kupanga majalada: vyama vya akiba na mikopo, misikiti yenye mali za wakfu, shule, mawakili. Kila ninapoingia nauliza: moto ukitokea usiku, hizi karatasi zitakuwaje? Kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe jibu ni lile lile. Napelekwa kwenye kabati la kijivu la droo nne, mwenyeji analigonga ubavuni: "Hili chuma hili, mzee."

Chuma sawa. Kinamzuia mwizi mvivu, kinazuia panya, na mchwa wanahangaika. Moto hakiuzuii. Karatasi inaanza kuungua na kugeuka mkaa ikifika karibu nyuzi joto 177, na ikikaribia 230 inashika moto. Chumba kikishawaka chote joto lake linapita 600. Bati la kabati la kawaida halina chochote katikati, kwa hiyo joto la nje linahamia ndani kwa dakika chache tu, hata kama hakuna ulimi wa moto uliogusa faili. Kabati linageuka oveni. Mkija kulifungua mnakuta majalada yamesimama kwa mpangilio wake, namba kwa namba, ila meusi, na ukiyashika yanasagika.

Sefu ya moto yenyewe ina kuta mbili, na katikati kumejazwa kitu chenye jipsamu au zege maalumu. Jipsamu, hii hii ya kwenye silingi, ina maji yaliyofungwa ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Joto likipanda, maji yale yanageuka mvuke, na kazi hiyo ya kugeuka inalimeza joto lisifike ndani. Ndiyo maana sefu za kweli zina kibandiko cha kipimo. Kipimo kinachojulikana sana cha Marekani cha saa 1 kinataka sefu ikae kwenye tanuri linalofika nyuzi 927, na ndani isizidi 177. Kama haina kibandiko cha namna hiyo, hata kama watu wanne wameshindwa kuinyanyua, huenda ni sefu ya wizi tu. Uzito si ushahidi wa kitu.

Sasa, hoja yangu si kwamba kila mtu akanunue sefu. Ofisi nyingi nilizotaja haziwezi, na zinazoweza zina majalada yasiyoenea kwenye sefu hata tatu. Ninachotaka tujadili ni hiki: ofisi yako ikiungua leo usiku, kesho asubuhi unaweza kusema ni nini kimeungua? Yaani ipo orodha, na ipo mahali pengine? Nawasilisha, karibuni.

FundiWaya_Duga

Shikamoo mzee. Uzi mzuri, ila ngoja niseme ninachokiona mimi juu ya ngazi.

Majengo yetu ya zamani ya mjini kati, yale yenye sakafu na paa za mbao, waya zake zilipangwa kwa taa mbili na feni moja. Leo chumba hicho hicho kina kompyuta, mashine ya fotokopi, AC na birika la umeme. Vyote vinategemea ekstensheni moja iliyopitishwa nyuma ya rafu ya faili kwa sababu soketi ipo huko. Ekstensheni ikikunjwa na kufunikwa na karatasi inapata joto, na hakuna anayeiona.

Kinachonitisha zaidi ni fyuzi. Ikikatika mara mbili tatu, mtu anachoka, anachukua waya wa shaba anafunga. Umeme hausumbui tena! Ni kweli hausumbui, kwa sababu umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinakata umeme kabla waya wa ukutani haujaungua. Nimefungua boksi la ofisi moja iliyojaa vitabu vya stakabadhi mpaka darini, waya uliofungwa pale ungeweza kuendesha mashine ya kusaga.

Na ule umeme wa kukatika na kurudi. Watu wanaondoka saa tisa na nusu umeme haupo, swichi zote ziko juu, pasi ya sare ya mhudumu ipo kwenye soketi. Saa nne usiku umeme unarudi. Malizieni wenyewe.

Gharama ya kuzima meni swichi ya chumba cha nyaraka kila jioni ni sifuri. Kama kuna friji au intaneti inayotaka umeme usiku, ipewe laini yake.

BiMkubwa_Makorora

Nyie mnazungumzia maofisi, sisi tuliokuwa na hati nyumbani je? Hati ya kiwanja, vyeti vya watoto, talaka, risiti za mahari, kila kitu changu kipo kwenye mkoba chini ya kitanda. Na chini ya kitanda hicho hicho usiku nawasha koili ya mbu. Ijumaa chetezo cha udi kinazunguka vyumba vyote. Nimesoma uzi huu nikaenda kuuangalia mkoba, moyo ukadunda.

Kijana_wa_Raskazone

Wazee mnajisumbua. Hii ni karne ya ngapi? Skani kila kitu, weka kwenye akaunti ya mtandaoni, funga mjadala. Karatasi ni mambo ya mkoloni.

WakiliMtulivu

Kijana, nusu ya ulichosema ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonilipa karo za watoto.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua rekodi za kielektroniki, hilo halina ubishi. Lakini hati iliyosainiwa na kupigwa muhuri, mahakama inataka kuiona yenyewe kwanza. Nakala inapokelewa kwa sababu maalumu, na mojawapo ya sababu hizo kwenye Sheria ya Ushahidi ni kwamba hati halisi imeharibika au imepotea. Kwa hiyo skani haichukui nafasi ya karatasi wakati karatasi ipo. Inakuwa na nguvu siku ile karatasi imeungua, tena kama unaweza kueleza nani aliiskani, lini, na ilikuwa inatunzwa wapi. Skani iliyopigwa kwa simu, nusu ya muhuri imekatwa na kidole gumba kinaonekana, usiitegemee sana.

Na wale wanaohifadhi kwenye flashi kisha wanaiweka flashi ndani ya sefu ya moto pamoja na hati: sefu hiyo imepimwa kwa karatasi. Karatasi inavumilia nyuzi 177. Vifaa vya kuhifadhia data vinapimwa kwa viwango vya nyuzi 52 hadi 66. Karatasi itatoka salama, flashi huenda ikatoka imeharibika.

Bi Mkubwa, usihangaike sana. Toa kopi zilizothibitishwa za kila kitu, mpe ndugu unayemwamini anayekaa nyumba nyingine, hata kama ni Muheza au Korogwe. Ukipoteza hati ya kiwanja utatakiwa kupita polisi kwa taarifa ya upotevu, kula kiapo, na tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali kabla msajili hajatoa nyingine. Njia hiyo yote ni nyepesi ukiwa na namba ya hati na namba ya kiwanja mkononi. Asiye na namba ndiye anayezungushwa.

BiMkubwa_Makorora

Ahsante mwanangu. Nina dada Muheza. Ila ni mtu wa maneno, akiona ile talaka mtaa mzima utajua.

WakiliMtulivu

Bahasha, gundi, saini yako juu ya gundi 😄

Mstaafu_114

Nimevaa kofia ya zimamoto kwa muda mrefu, niongeze machache.

La kwanza kabisa, piga 114, namba ya Zimamoto, kabla hujaanza kupambana. Watu wanapiga simu baada ya mtungi kuisha, na moto wa karatasi kwenye chumba chenye rafu unapanda haraka kuliko mnavyodhani. Karatasi zilizolegea, zilizotoka nje ya jalada, zinawaka kama hazina akili. Karatasi hizo hizo zikibanwa ndani ya jalada, jalada likabanwa ndani ya boksi lenye mfuniko, moto unakula kingo tu kwa muda mrefu kwa sababu hewa haipiti katikati. Nimeona vitabu vya leja vilivyoungua pembeni pande zote, ndani maandishi yapo safi. Kwa hiyo kabla hujawaza sefu, nunua maboksi.

Pili, mlango. Mlango wa mbao nzito uliofungwa unawapa watu wangu dakika za kufika. Masijala nyingi mlango unaegeshwa na tofali ili upepo wa bahari upite. Mchana sawa. Usiku tofali litoke, na dirisha la upande wa jaa lifungwe, kwa sababu majirani wanachoma takataka jioni na kusi likivuma cheche zinasafiri.

Tatu, mtungi. Nimekuta mitungi ndani kabisa ya stoo, nyuma ya rafu ya mwisho. Moto ukianza, nani ataupita kwenda kuuchukua? Uwe karibu na mlango, upande wa nje. Ule wa poda unazima mwali lakini haupozi, na kwenye bunda la karatasi kaa linabaki ndani linasubiri. Ukishapiga poda usishangilie, leta maji, fumua bunda, hakikisha. Wa gesi ya kaboni ni mzuri kwenye kompyuta, kwa rundo la karatasi hautoshi.

Nne, wenye sefu: moto ukizimwa, msiifungue. Najua mna hamu. Ndani bado kuna joto kali na hewa kidogo, ukifungua hewa mpya inaingia ghafla na karatasi zilizokuwa zimepona zinawaka mbele ya macho yako. Iacheni ipoe kabisa mpaka chuma kishikike kwa mkono mtupu, hata kama ni kesho yake.

KatibuWaMasijala

Mstaafu, naomba kuuliza. Ofisini kwetu kuliletwa pendekezo la kufunga vinyunyizio vya maji vya darini. Wakubwa wakakataa, wakasema siku moja vitafunguka vyote bure vituharibie majalada. Mimi nilikubaliana nao, kusema kweli. Maji na karatasi wapi na wapi?

Mstaafu_114

Hofu hiyo iko kila mahali, na inatokana na filamu. Vinyunyizio havifunguki vyote kwa pamoja. Kila kichwa kina kichupa chake cha kioo, na kile chekundu cha kawaida kinapasuka joto la pale pale kilipo likifika nyuzi 68. Moshi wa sigara haukipasui. Moto ukianza kwenye kona, vinafunguka vya kona hiyo, vingine vinabaki kimya.

Ukikataa maji ya darini hujakataa maji. Umechagua maji yangu, ya mpira, ambayo ni mengi zaidi na yanakuja moto ukiwa umeshakua. Marekani wana kituo chao cha majalada ya watumishi wa jeshi, St. Louis. Tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya juu ilishika moto. Jengo kubwa la kisasa kwa wakati wake, na halikuwa na vinyunyizio. Moto ulichukua siku kadhaa kumalizika. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, na maelfu kwa maelfu ya ghorofa za chini yakalowa kwa maji ya kuzimia.

Ila anayeweka vinyunyizio aache nafasi. Maboksi yakipangwa mpaka yaguse kichwa cha kinyunyizio, maji hayasambai. Sentimita 45 hivi kutoka juu ya rundo. Na rafu ya chini isikae sakafuni, inyanyuliwe, kwa sababu maji yote mwisho wake ni huko.

MtunzaJalada

Mstaafu amenifikisha nilipotaka. Hiyo St. Louis, watu wanaitaja kwa ukubwa wa hasara, mimi naitaja kwa jambo jingine. Majalada yale hayakuwa na nakala popote. Hayakuwa yamepigwa picha kwenye mikrofilamu. Hayakuwa hata na faharasa. Kwa hiyo baada ya moto hawakujua kwa uhakika ni la nani limeungua na la nani limepona. Askari mzee anakuja kudai haki yake, hakuna wa kumwambia jalada lako lipo au halipo. Wakaanza kujenga upya maisha ya watu kwa kuokoteza: vocha za malipo zilizokuwa ofisi nyingine, orodha za vikosi, karatasi za hospitali.

Angalieni vizuri hilo. Kilichowaokoa ni karatasi ambazo kwa bahati zilikuwa jengo jingine.

Majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam yana mwenyewe, yana namba, na tangu 1997 yamo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini daftari la wakfu la msikiti wa Ngamiani, linaloonesha nani alitoa nyumba ipi kwa ajili ya nini, lina nani? Lipo moja, kwa katibu mmoja, kwenye kabati lile la kugonga ubavuni. Likiungua, wajukuu wa mtoaji watakuja kudai nyumba na hakuna wa kuwajibu.

Orodha si kazi ya kutisha. Namba ya jalada, jina, mwaka wa kwanza na wa mwisho, limekaa rafu ipi. Andika kwa kalamu kama huna kompyuta. Toa kopi, ipeleke nyumba nyingine. Halafu kwenye orodha weka alama nyekundu kwa yale ambayo hayana mfano popote duniani. Nakuhakikishia hayatafika hata sehemu moja ya kumi. Hayo ndiyo ya kuskani kwanza, na hayo ndiyo ya kuwekwa kwenye sefu kama ipo.

Mhasibu_Mikanjuni

Naongezea kwenye hiyo sehemu tisa zilizobaki. Nusu yake ni kuni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini kuna ofisi binafsi zina stakabadhi za mafuta ya gari lililokwisha uzwa zamani, zimejaza chumba kizima karibu na meni swichi. Zinazobishaniwa na TRA au zenye kesi ziacheni. Nyingine zitoeni. Chumba kikipungua karatasi, moto nao unakosa chakula.

KatibuWaMasijala

Hiyo ni kwa ofisi binafsi, Mhasibu. Ofisi ya umma hairuhusiwi kujichomea faili. Kuna Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka, lazima upate kibali cha idara husika. Msije mkamponza mtu humu.

Mhasibu_Mikanjuni

Sahihi kabisa mkuu.

BintiMaktaba

Habarini. Nilitaka kuongelea maji, maana mmepita haraka.

Cape Town, tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani uliingia chuo kikuu na ukaunguza maktaba ya Jagger. Milango ya kuzuia moto ilijifunga, stoo za chini hazikuungua. Lakini maji ya kuzimia yalishuka mpaka huko chini, na kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kutoa makreti na makreti ya vitu vilivyolowa kabla havijaota ukungu.

Kwenye hali yetu ya Tanga, joto hili na unyevu huu, karatasi iliyolowa una kama siku mbili tu. Baada ya hapo ukungu unaanza na hautakusubiri ukae kikao. Na hapa kila mtu anakosea kwa namna ile ile: anaanika juani. Jua linakunja karatasi, linapausha wino, na zile za kung'aa zinagandana zikawa kitu kimoja. Anika kivulini, feni iwe inapuliza pembeni na isizielekee moja kwa moja, weka karatasi nyeupe za kunyonya kati ya kurasa, ubadilishe. Zilizogandana usizibandue. Kopi za mashine na maandishi ya kalamu ya kawaida ya wino mzito yanavumilia maji vizuri. Wino wa muhuri na ule wa kalamu za zamani za kuchovya ndio unaochuruzika, kwa hiyo hizo zihudumiwe mwanzo.

Kama ni nyingi kuliko mikono iliyopo, zigandishe. Barafu inasimamisha kila kitu, ukungu pia, halafu unazitoa kidogo kidogo kwa nafasi yako. Funga mafungu madogo kwenye mifuko ya nailoni, andika namba juu ya mfuko.

Kijana_wa_Raskazone

Friza la kutosha majalada tutalipata wapi? Labda Deep Sea kwa wenye samaki 😂 Hati ya kiwanja inukie vibua.

BintiMaktaba

Unacheka, lakini ndiyo. Friza la samaki lililosafishwa na mifuko iliyofungwa vizuri linafaa kabisa. Hati inayonuka vibua inasomeka. Kinachotakiwa ni kuzungumza na mwenye friza sasa hivi, mkubaliane bei, namba yake iandikwe ukutani. Usiku wa tukio hutampata.

Na zilizoungua kingo msizitupe. Zinavunjika, kwa hiyo usizishike kwa vidole, ingiza karatasi ngumu chini yake unyanyue, piga picha hapo hapo kabla hujaihamisha mbali. Hata iliyoonekana nyeusi tii, kuna kamera maalumu zinaweza kutoa maandishi yake.

BiMkubwa_Makorora

Swali la mwisho kabla sijalala. Vyeti vya watoto nimevifanyia laminesheni. Vimekingwa?

BintiMaktaba

Kwa chai iliyomwagika, ndiyo Bi. Kwa moto ni hatari zaidi, ile plastiki inayeyuka na kushikamana na cheti, na cheti chenyewe hakitoki tena. Vilivyokwisha fanyiwa viache hivyo hivyo, usijaribu kuvibandua. Vingine viweke kwenye bahasha ya kawaida, halafu kwenye mfuko mgumu wa kufungika, na koili ya mbu ihamie upande wa pili wa chumba.

KatibuWaMasijala

MtunzaJalada, tukianza na orodha wiki ijayo, majalada yaliyofungwa zamani tuyahesabu au tuanze na yanayotumika?

MtunzaJalada

Anzeni na yaliyofungwa. Yanayotumika kila mtu anayakumbuka, na mengi yana barua pacha kwa mtu wa pili. Yale ya zamani yakiungua hakuna hata atakayejua yalikuwepo. Na FundiWaya, kama una nafasi kabla ya hapo, pitia lile boksi la fyuzi la kwao.

FundiWaya_Duga

Jumanne asubuhi nipo. Msinifiche waya wa shaba.